Moto wa Mazutu

Harufu ya mazutu ndiyo iliyotufungulia asubuhi, kabla ya jogoo wa jirani na kabla ya kengele ya kanisa. Mazutu ni yale mafuta mazito yanayoendesha malori na mashine za kusaga, na kila mtu wa Bunia anayajua. Lakini mazutu ya msimu ule yalikuwa na harufu yake, chungu, ya kukaa kooni, na yalikuja pamoja na ukungu kutoka ng'ambo ya kijito kilichotenganisha nyumba yetu ya Mudzipela na kambi ya askari. Kwanza ungesikia injini ikikohoa mara mbili tatu, halafu inanguruma, halafu mabati ya nyumba yetu yanaanza kutetemeka, na mama yangu anajigeuza kitandani akisema, "Haya, mutoto wa serikali amepewa maziwa." Nilikuwa na miaka kumi. Vita vilikuwa vimekwisha, ndivyo tulivyoambiwa shuleni na redioni, na wakubwa walilitamka neno amani kwa sauti ya chini, kama watu wanaomtaja mgonjwa aliye chumba cha pili.

Sisi hatukuwa wenyeji wa kale wa Bunia. Baba na mama walitoka Butembo kufuata biashara, na baba alikuwa akisafirisha ndizi na mihogo kutoka Komanda, kwa hiyo tulimwona mara moja kwa wiki, amechoka, nguo zimejaa vumbi au matope kulingana na majira. Mama alibaki nyumbani akiuza makala, yale makaa ya miti. Magunia yalishushwa kwenye lori mbele ya mlango wetu, na yeye aliyafungua na kuyapanga kwa mafungu, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko, mdomo wake haupumziki. Watu walimwita Mama Mapendo kwa sababu yangu, mimi mzaliwa wa kwanza, lakini mapendo yenyewe alikuwa akiyatoa kwa kipimo. Alikuwa mkali, sitamficha, na nadhani nimeurithi ukali huo ingawa mume wangu ananiambia nimeuzidisha. Jambo moja ambalo hakuruhusu mzaha ni mbabula, lile jiko letu la makala. Mbabula haikulala ndani ya nyumba yetu hata siku moja. Hata kungekuwa na baridi kiasi gani, jioni ilitolewa nje, kwa sababu huko Butembo mjomba wake mmoja alifunga mlango na dirisha akalala na mbabula yenye makaa, na asubuhi walimkuta hajaamka. "Makala haina rafiki," mama alikuwa akisema, naye ndiye aliyekuwa akiishi kwa kuyauza.

Kambi ilianzia mara tu ukivuka kijito. Ukisikia neno kambi usifikirie majengo. Kulikuwa na nyumba moja ya matofali ya wakubwa, yenye bendera, na baada yake vibanda, vibanda, vibanda. Miti iliyopindwa, juu yake kipande cha turubai lililochanika, mahali pengine gunia, mahali pengine majani. Mtu mzima aliingia ameinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Humo alilala askari na mkewe na watoto wao, wanne au watano au sita, maana askari wetu hawaachi familia nyuma. Akihamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, mkewe anabeba masufuria kichwani na kumfuata. Walitoka mbali, wengi walisema Kilingala, na hawakuwa na shamba wala shangazi wala mtu wa kuwapa hata chumvi. Chakula chao cha jeshi, unga na maharagwe, kilifika kilipofika. Wiki nyingine hakikufika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na watu wa mtaa wetu waliwatazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu katika miaka iliyopita kila aliyevaa nguo ya jeshi, awe wa upande gani, alikuwa ameacha kilio mahali. Hata watoto wao walipokuja kuchota maji upande wetu, wamama walikuwa wakiita watoto wao waingie ndani.

Mimi sikuingia. Hivyo ndivyo nilivyompata Furaha. Alikuwa rika langu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi, na aliweza kubeba bidoni ya lita ishirini kichwani huku akinisimulia habari za mto mkubwa wa Kisangani alikozaliwa. Baba yake alikuwa kaporali. Mama yake, Mama Furaha, alikuwa mwanamke wa sauti laini, mgongoni ana kitoto cha kiume cha miezi mitano, Exaucé, ambaye alizaliwa baada ya mimba tatu kutoka. Ndiyo maana alipewa jina hilo, la sala iliyosikiwa. Mama Furaha na mama yangu walikuwa na mapatano yao: yeye anatuchotea bidoni mbili za maji asubuhi, mama anampa bakuli la makala madogo, yale yanayobaki chini ya gunia. Sidhani walikuwa marafiki. Lakini walizoeana, na mama alikuwa akimshika Exaucé mashavu kwa ile mikono yake myeusi hadi mtoto anafanana na mwizi wa jikoni, na wote wawili wanacheka.

Kifaru kilikuja mwanzoni mwa mvua. Kililetwa juu ya lori refu kwa barabara ya Komanda, na mji mzima ulitoka kukitazama. Shule ilitupa ruhusa. Kulikuwa na hotuba, na mtu mkubwa mwenye miwani alisema kwamba sasa Bunia inaweza kulala usingizi, kwa kuwa serikali imetumia mali nyingi kwa ajili yetu. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa nguvu, sitajifanya nilikuwa na akili kuliko wengine. Kilikuwa kikubwa kuliko kanisa letu la mtaani, au ndivyo nilivyoona, na bomba lake lilituelekea sisi tuliokuwa tunashangilia. Jioni ile Furaha aliniambia kwamba wamehamishwa. Kambini palikuwa na sehemu moja tu iliyoinuka, isiyoshika maji, na vibanda vya familia vilikuwa pale. Amri ilitoka vivunjwe vihamishiwe bondeni, kando ya kijito, kwa sababu chombo hakiwezi kusimama kwenye matope. Pale palipokuwa vibanda palimwagwa changarawe, lori tatu. Kifaru kikafunikwa turubai jipya, la kijani, zito, lenye pete za chuma pembeni, na wanawake wa kambi walisimama wakilitazama hilo turubai kwa muda mrefu kuliko walivyokitazama kifaru.

Kaporali, baba yake Furaha, ndiye aliyefanywa dereva wake. Amri ilikuwa hivi: injini iwashwe kila asubuhi nusu saa, isije ikafa kwa kukaa. Mapipa ya mazutu yalifika kila wiki bila kukosa, hata ile wiki ambayo unga haukufika. Ilikuwa injini kuukuu ndani ya chuma kilichopakwa rangi mpya, baba alituambia baada ya kuisikiliza mara moja tu, naye alijua injini. Ilitoa moshi mweusi kwanza, halafu wa kijivu, na nyuma, kwenye wavu wa chuma, ilipuliza joto. Sijui ni mwanamke gani aligundua kwanza. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, mmoja alikwenda nyuma ya kifaru akatandika nguo za mtoto kwenye ule wavu, zikakauka kabla hajamaliza kuimba wimbo mmoja. Kesho yake walikuwa watatu. Baada ya wiki mbili ikawa desturi ya kambi: injini ikinguruma, wamama wanapanda kutoka bondeni na watoto mgongoni na mablanketi yaliyolowa, wanapanga mstari nyuma ya kifaru, wanaota moto. Walikipa jina, Bwana Mukubwa, na walikuwa wakisema huyu ndiye bwana pekee kambini anayempasha mkewe joto kila siku. Kaporali alikuwa akicheka juu ya kiti chake. Wakubwa waliona, wakanyamaza, kwa kuwa haikuwagharimu kitu.

Nami nilikwenda kuota. Si kwa baridi, kwetu kulikuwa na blanketi, bali kwa sababu Furaha alikuwa pale, na kwa sababu palikuwa na vicheko. Wamama walinisogezea nafasi. Nilirudi nyumbani nikinuka mazutu, na mama alinipiga kwa kile kitambaa cha jikoni akasema huko si mahali pa mtoto wa watu. Baba alisema jambo ambalo nililisikia na kulisahau papo hapo, kwamba moshi wa injini ile si mzuri, una kitu. Lakini baba alikuwa mtu wa kuondoka, na neno la mtu wa kuondoka linaondoka naye.

Halafu ikaja habari ya magunia. Njiani, kabla ya kuingia mjini, askari walikuwa wameweka kizuizi cha kamba, na kila mwenye mzigo aliacha kidogo. Ilikuwa kawaida, na watu walikuwa na maneno yao ya kujifariji, askari naye ana tumbo. Lakini wiki hiyo, wiki ya pili bila unga kambini, hawakuchukua kidogo. Walichukua magunia mawili ya mama, mazima, na kijana wa lori aliyejaribu kusema alipigwa kitako cha bunduki. Mama alipopata habari hakupiga kelele, na hapo ndipo tulipojua kwamba amekasirika kweli. Kesho yake asubuhi Mama Furaha alikuja na maji kama kawaida, inyeshe mvua isinyeshe, Exaucé mgongoni chini ya kipande cha nailoni.

"Leo hakuna makala," mama alisema akiwa mlangoni.

"Kidogo tu, Mama Mapendo. Nguo za mutoto zote ziko na maji."

"Ulizia bwana yako na wenzake kule kwenye kamba. Gunia zangu mbili ziko kwao."

"Bwana yangu haikae kwenye kamba, Mama. Yeye iko anaangalia chombo."

"Nguo yenu ni moja," mama akasema. "Siye tunateseka na makala, nyinyi munaota bure. Wende ukaote kwa Bwana Mukubwa."

Zile bidoni mbili zilikuwa zimejaa, Mama Furaha alikuwa amekwisha kuzichota. Aliziteremsha moja moja, akazisogeza ukutani zisije zikatukwaza, akaenda. Mama alizitazama muda mrefu kabla ya kuzitumia. Mimi nilimchukia mama yangu asubuhi ile, na nilikuwa nimekosea nusu tu. Alikuwa ameonewa kweli, ila mtu aliyemuonea alikuwa na bunduki njiani, na mtu aliyeweza kumfikia alikuwa mwanamke mwenye bidoni.

Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Sisi wenye mabati tulisema asante Mungu kwa mashamba. Aisifuye mvua imemnyea, wasema wahenga, na sisi haikutunyea. Kijito kilijaa kikaingia vibanda vya chini. Siku ya tatu asubuhi injini ilipowaka, nilitoroka kabla mama hajatoka chumbani, nikavuka kwa mawe, nikamkuta Kaporali akihangaika na turubai. Lile la kijani. Alilitoa upande wa mbele, ambako yeye mwenyewe angekaa mvuani na mfuko wa plastiki kichwani, akalivuta lote upande wa nyuma, akalishusha hadi chini kama ukuta, akazifunga pete zake kwa kamba na kuacha pembe moja ya kuingilia, ili wamama na watoto waote bila kunyeshewa. Alikuwa amefurahi kwa akili yake hiyo. "Leo muko na nyumba," aliwaambia. "Ingieni, ingieni, weye pia, mutoto wa Mama Makala." Tukaingia wanawake watano na watoto wao, na mimi na Furaha. Alirudi mbele kwenye usukani wake. Alipaswa kuzima baada ya nusu saa. Aliwahurumia, hakuzima.

Ndani mulikuwa na giza la kijani na joto zuri, joto ambalo wale watu hawakuwa wamelionja kwa siku tatu. Mvua ilipiga turubai juu yetu. Mwanzoni wamama walipiga soga na mmoja alikuwa akiimba Kilingala, wengine wanaitikia. Mama Furaha aliketi ameegemea minyororo ya kifaru, Exaucé akinyonya. Aliponiona alinisogezea kona ya kitenge chake nikalie, hakuonyesha hata kidogo kwamba mama yangu alikuwa amemnyima. Moshi ulikuwepo, ndiyo, ulitukohoza, lakini nani Bunia amekua bila moshi? Baada ya muda nikaanza kuumwa kichwa, hapa kwenye paji, kinagonga. Nikadhani ni njaa. Nikataka kusema, nikaona aibu; mgeni halalamiki chumvi kwenye chakula alichokaribishwa. Nikakaa. Yule aliyekuwa akiimba alinyamaza. Furaha aliniwekea kichwa begani, akawa mzito. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, jinsi kimya kilivyoingia mle ndani taratibu, kikamchukua mmoja mmoja, nami nikaona ni kimya cha watu walioshiba.

Kilichoniokoa ni bakora iliyokuwa ikiningoja nyumbani. Mama alikuwa ameamka akakuta sijaenda shule, sijafagia, akavuka kijito na mwavuli akiwa na hasira zake. Aliinua pembe ya turubai akanikamata mkono. Alikohoa, akapunga mkono mbele ya pua, akasema harufu gani hii. Nilimwambia kichwa kinaniuma, akajibu kitaniuma zaidi tukifika nyumbani. Miguu yangu ilikuwa laini, akanivuta kama mbuzi anayegoma. Nilipokuwa nje nikageuka kumwita Furaha, na mama naye akatazama ndani. Akamwona Mama Furaha amefumba macho, mdomo wazi kidogo, mtoto kifuani. Uso wa mama ulibadilika. Ule ugumu wa tangu habari ya magunia ulimtoka, nikauona ukimtoka.

"Waache walale," alisema. "Watu hawa hawajalala siku tatu."

Akaishusha ile pembe polepole. Upepo ukaipeperusha. Basi akainama, akaokota jiwe kwenye changarawe, jiwe kubwa la kutosha, akaikandamiza, ili upepo usiwaingilie.

Mama yangu, aliyejua habari ya mbabula kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, hakujua. Hakunusa makala, alinusa mazutu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ni ndugu.

Tulikuwa hatujafika mlangoni tuliposikia injini imezimwa, halafu sauti ya Kaporali akiita majina, mara moja, mara ya pili, halafu akiita bila majina. Tukarudi mbio. Pete za turubai zilikuwa zimefungwa kwa kamba zilizovimba kwa maji, vidole vyake havikuweza kufungua. Alichomoa kisu akalikata lile turubai jipya kutoka juu hadi chini. Yeye na askari wenzake waliwaburuta nje wakawalaza mvuani. Wanawake walitapika, wakalia, wakafumbua macho mmoja baada ya mwingine. Furaha aliamka akaniuliza mbona nimeondoka. Mama Furaha aliamka wa mwisho, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumpa Exaucé ziwa, na Exaucé hakulichukua. Mganga wa zahanati alikuja kwa miguu na buti zake za mpira, akamshika mtoto muda mfupi tu. Akasema ni moshi, sumu yake ni ileile ya makala, haina rangi, na kitoto kidogo hakina pumzi ya kushindana nayo. Mama yangu alikuwa amesimama karibu nami aliposema hivyo. Nilihisi mkono wake ukiniachia.

Wakubwa walifika mchana, magari matatu, pamoja na fundi. Tulikuwa ng'ambo ya kijito, mtaa mzima, tukitazama, kwa mara ya kwanza tukiwatazama watu wa kambi kama watu. Fundi alifungua mfuniko akaichunguza injini, akaiwasha, akasikiliza, akawasha tena. Mmoja alipima ule mkato wa turubai kwa shubiri za mkono, akaandika. Furaha aliniambia baadaye maswali yaliyoulizwa: mazutu yaliyozidi nusu saa yaliruhusiwa na nani, na turubai nani amelikata. Kaporali alijibu yote mawili, ni mimi. Wakampeleka kasho, kile chumba cha kufungia watu nyuma ya nyumba ya bendera, kwa kuharibu mali ya taifa. Exaucé alizikwa jioni ileile, mvua imepungua, ndani ya sanduku la sabuni, bila baba yake. Sikusikia mkubwa yeyote akiuliza mtoto anaitwa nani.

Mtu wa mtaa wetu kwenda kwenye kilio cha kambini halikuwa jambo la kawaida. Mama alikwenda. Alijitwika gunia zima la makala kichwani, hakutaka msaada, akavuka kijito kilichojaa maji yanamfika kwenye mapaja, akaliweka mahali walipokaa waliofiwa. Akakaa nao hadi kilio kilipoisha, siku zote. Nilikuwa pembeni yake Mama Furaha alipomshika mikono yote miwili akamwambia, "Aksanti, Mama Mapendo. Kwa mtaa wote ni weye peke yako ulikuja." Nikamtazama mama. Nilingoja aseme. Midomo yake ilicheza, kisha akasema pole, pole sana, Mungu ndiye anajua. Nami niliyekuwa nimeumwa kichwa nikanyamaza, nikanyamaza tena. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu amekaa na sisi hadi leo.

Yule mkubwa mwenye miwani alitimiza jambo moja. Kabla mvua hazijakwisha, matofali yaliletwa, na saruji, na mabati mapya, na mafundi wakafanya kazi hata Jumapili. Tulidhani ni nyumba za familia, Furaha alikwisha kuchagua upande wa dirisha. Ilikuwa nyumba ya kifaru. Kuta nne, paa, milango ya chuma, na ukuta mdogo kuizunguka ili wanawake wasisogee tena. Kaporali alipotolewa kasho, amekonda, alipewa kazi ya kuilinda milango hiyo, na mkewe akiwa bondeni chini ya gunia. Alilinda. Afanyeje? Mwaka haukwisha wakahamishwa kwenda upande wa Beni, wakapanda lori la jeshi na masufuria yao, na Furaha akanipungia mkono hadi vumbi likamla. Sikumwona tena.

Sasa mimi ni mama wa watoto wanne, na bado nipo Bunia. Mji umekua, pikipiki zimekuwa nyingi kuliko watu, makala yanapanda bei na mama yangu alikufa bila kumwambia mtu habari ya lile jiwe. Amani yetu nayo ni ileile ya kutamkwa kwa sauti ya chini: inakuja, inaondoka, inarudi imechoka. Vita vikikaribia, hupita barabarani vyombo vipya, vikubwa kuliko kile, na watu wanapiga makofi. Mikono yangu haitaki. Natazama mwisho wa msafara, lile lori la nyuma lenye wanawake na masufuria, na kila mwaka ni lori lilelile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini sisi tulio katikati, tunaoishi ng'ambo ya kijito tu, tunajua vizuri kabisa.

Majira ya mvua yaliyopita nilikwenda kambini na wamama wa kanisa kugawa nguo za watoto. Vibanda viko bondeni. Juu, kwenye changarawe, ile nyumba ya matofali imesimama, mabati yake hayajatoboka. Mlangoni alikuwepo askari kijana, buti zimefungwa kwa kamba ya katani. Nilimuuliza ndani kuna nini.

"Hakuna kitu, Mama. Ni nyumba ya chombo. Chombo kilienda zamani, siye tuko tunakingoja."

"Na watoto mvua ikinyesha? Hamuwezi kuwaingiza humu?"

"Ni amri," alisema, bila ubaya. Kisha akanisogelea, akafurahi kupata mtu wa kumsimulia. "Lakini siku kikirudi, Mama, itakuwa muzuri. Wazee wa hapa wanasema asubuhi injini yake ilikuwa inatoa moto, na wamama walikuwa wanakuja kuota. Muke yangu iko na mutoto wa miezi mbili. Atapata pa kuotea."

Nilimuuliza kibanda chake ni kipi. Akanionyesha kwa mdomo, cha tatu kutoka majini. Niliwaacha wamama wa kanisa na mafurushi yao, nikateremka, nikaingia nimeinama. Mkewe, binti mdogo tu, alikuwa amekaa juu ya bidoni, mtoto amemfunga kifuani kwa sababu chini palikuwa na maji. Nikachuchumaa kwenye matope mbele yake. Nikamtajia jina la Exaucé kwanza, ndipo nikamweleza mengine yote.